Chombo cha Muziki Chenye Mabwana Wawili

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa ameketi chini ya mwembe karibu na Kaloleni, katika Kaunti ya Kilifi, akimsikiliza nyanyake akiimba. Nilikuwa nimewatuma wanafunzi wa darasa lake wakusanye nyimbo za kazi kutoka kwa wazee wao, nao wakaenda na vifaa walivyoweza kuazima. Huyu aliazima simu ndogo ya mamake, ile yenye vibonye na tochi, ambayo Wakenya tumeibandika jina la kabambe. Nyanya alikuwa amefika ubeti wa nne wa wimbo wa palizi, jirani yake akimwitikia kwa kayamba, wakati simu ilipolia. Aliyepiga hakuwa mtu. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa ya kampuni moja, ikimsihi mteja ajiunge na bahati nasibu. Simu, kwa kuwa ni simu, ilimtii aliyepiga na kuacha kunasa sauti. Naye nyanya, kwa kuwa ni nyanya, akasema kwamba amechoka na kuku wake hawajala.

Kijana alirudi shuleni na beti tatu na nusu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama sisi walimu tumewahi kukipima barabara kijombo hiki ambacho karibu kila mtu anacho mfukoni. Tumezoea kukihukumu kwa jina lake. Tunakiita simu, kisha tunakipiga marufuku kwa sababu ni simu. Lakini mle ndani mna kicheza muziki, mna redio, mna kinasa sauti, na mna waya usioonekana wa kuviunganisha vyote na masikio ya mtu. Swali ninalotaka kulizungumzia leo ni hili: kati ya hao wote waliomo ndani ya nyumba moja, ni nani mwenye nyumba?

Kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili anajua kwamba mtafiti wa fasihi simulizi huenda nyanjani na kinasa sauti. Ulizeni darasa lolote la kidato cha mwisho, mtajibiwa kwa pamoja: kinasa sauti, kamera, kalamu na daftari. Majibu hayo hupewa alama, nayo ni sahihi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi wa wanaoliandika neno hilo hawajawahi kukishika chombo chenyewe. Msichana mmoja aliniuliza bila mzaha, "Mwalimu, hicho kinasa sauti kinauzwa duka gani?" Nilitaka kumtajia maduka ya vyombo vya muziki jijini, kisha nikaona haya, kwa maana jibu la kweli lilikuwa kwamba mamake anacho, babake anacho, na yeye mwenyewe haruhusiwi kukileta shuleni.

Hebu turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya kicheza muziki cha mfukoni ina funzo ambalo watengenezaji wenyewe wamelisahau. Mnamo Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza Walkman, mashine ya kaseti iliyotoshea mkononi na kusikilizwa kwa visikizi vya masikioni. Mashine hiyo haikubuniwa kutoka hewani. Mafundi walichukua kinasa sauti kidogo kilichokuwa kikitumiwa na waandishi wa habari, wakakiondolea uwezo wa kurekodi, na kukiachia kazi moja tu ya kucheza kanda. Ndani ya kampuni yenyewe walikuwapo walioguna: ni nani atakayenunua mashine ya kanda isiyorekodi? Mashine 30,000 za kwanza zilikwisha kabla ya mwezi wa Agosti kumalizika.

Kuna jambo jingine kuhusu Walkman ile ya kwanza ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Ilikuwa na matundu mawili ya visikizi, ili watu wawili wasikilize pamoja, na kibonye cha rangi ya machungwa ambacho kikibonyezwa muziki hupungua na wasikilizaji hao wawili husemezana kupitia maikrofoni ndogo. Akio Morita, aliyeiongoza kampuni hiyo, alisimulia kwamba aliona ni utovu wa adabu mtu mmoja kujitenga na muziki wake akiwa mbele ya mwenziwe. Kibonye hicho hakikudumu katika matoleo ya baadaye. Watu walipendelea kujitenga. Hata hivyo, ni vyema ikumbukwe kwamba wazo la kuchanganya muziki na mazungumzo halikuletwa na simu. Lilikuwamo tangu mwanzo, ila aliyezungumza na msikilizaji wakati huo alikuwa ameketi ubavuni pake.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapitia mbio. Mwaka 1998 vilianza kuuzwa vicheza muziki visivyo na kanda wala sahani, vinavyohifadhi nyimbo katika kumbukumbu ya kielektroniki. Mwaka 2001 Apple ikatoa iPod na kujigamba kwamba nyimbo 1,000 zimeingia mfukoni. Mwaka 2005 Motorola ilitoa simu ya muziki iliyoitwa ROKR, ambayo ilikataa kubeba zaidi ya nyimbo 100 hata kama nafasi ilikuwapo. Si ajabu haikupendwa. Mwaka 2007 ikaja iPhone, na mwaka 2022 Apple yenyewe ikatangaza kwamba haitatengeneza iPod tena. Mtoto alikuwa amemmeza mzazi.

Lakini katika msururu huo kuna chombo kimoja ninachokiheshimu kuliko vyote, nacho hakizungumzwi sana siku hizi. Ni simu ya Sony Ericsson iliyoitwa W800, iliyotoka mwaka huo huo wa 2005 ikiwa na jina la Walkman mgongoni. Ilikuja na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 512, ambayo leo ni haba lakini siku hizo ilikuwa ghala. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, haikuwa kadi wala kamera. Ulipoiwasha, ilikuuliza kwanza: unataka simu, au unataka muziki peke yake? Ukichagua muziki, upande wa simu ulilala usingizi wa pono. Hakuna aliyeweza kukupigia. Chombo kilikuwa na mabwana wawili, lakini kilimuuliza mwenyewe ni yupi atakayetumikiwa wakati huo. Ni heshima ndogo, na sijui kwa nini iliachwa ipotee.

Baada ya mkasa wa Kaloleni niliamua kuifanyia kabambe mtihani kama ninavyowafanyia wanafunzi. Nilitumia mhula mzima nikiibeba moja mahali pa simu yangu kubwa, na nyingine mbili niliziazima ili nilinganishe. Sizitaji kwa majina, kwa kuwa zinafanana kama mayai, na kasoro ya moja ni kasoro ya zote.

Kwa umbo, ni chombo cha kupendeza. Ni chepesi, hukaa katika mfuko wa shati bila kuuvuta, na vibonye vyake vinaweza kubonyezwa kwa kidole bila kutazamwa. Sifa hii ya mwisho wanaoabudu vioo vya kugusa hawaijui. Mwalimu anayesimama mbele ya darasa huku macho yake yakiwa kwa wanafunzi anaweza kusimamisha rekodi, kuirudisha nyuma na kuicheza tena bila kuinamisha kichwa. Betri ya niliyokuwa nikiibeba ilistahimili siku tatu za matumizi ya kawaida, na katika shule ambayo umeme huja na kuondoka hilo si jambo dogo. Kadi ya kumbukumbu, ile ndogo kama ukucha, nayo ni ya ajabu. Muziki uliobanwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 hula takribani megabaiti moja kwa kila dakika; kwa hivyo kadi ya gigabaiti 8 hubeba zaidi ya saa 130 za sauti. Waliokua na kaseti za dakika 60, na penseli ya kuzizungushia, watanielewa nikisema kwamba nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia.

Spika yake ni kelele tupu. Imeundwa ili mlio wa simu usikike sokoni, wala haikuundwa kwa ajili ya muziki. Sauti nzito za besi hazimo, na ngoma hugeuka kuwa mgongo wa debe. Kwa visikizi mambo hubadilika, na nyimbo za taarabu nilizozijua tangu utotoni zilinirudishia udi na fidla kwa uaminifu wa kuridhisha. Hapa, hata hivyo, nina onyo ambalo nawasihi wanafunzi walisome mara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila kuyaumiza masikio, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Sauti ikifika desibeli 90, saa 40 zimekuwa 4. Simu kubwa nyingi hukuonya unapopandisha sauti kupita kiasi. Kabambe nilizozipima haziulizi wala hazionyi. Ndani ya matatu yenye muziki wake, kijana hupandisha sauti ya visikizi ili kuishinda sauti ya gari, na masikio yake hulipa mara mbili. Hayo masikio hayana vipuri.

Nikaja kwenye kinasa sauti, ambacho ndicho kilichonileta. Hapa nilimwita mwanafunzi wangu tukasikilize pamoja zile beti tatu na nusu. Sauti ya nyanya ilisikika vyema, kila neno mahali pake, ijapokuwa mara mbili tatu tulibishana kama amesema "saa" au "faa". Lakini kayamba ilikuwa imepotea. Mahali pake palikuwa na mchakaro kama wa karatasi inayokunjwa. Sababu si fumbo. Vinasa sauti vya simu hizi aghalabu hutumia mfumo uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu, ambao huhifadhi mitetemo ya sauti kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde na kutupilia mbali iliyobaki. Sauti ya binadamu hueleweka ndani ya mipaka hiyo, ingawa herufi kama "s" na "f" huanza kufanana. Kayamba, kwa upande wake, ni chombo cha mbegu zinazogonga matete, na uhai wake mwingi uko juu ya mipaka hiyo. Kwa hivyo simu ilikuwa imemsikiliza nyanya jinsi ambavyo ingemsikiliza mteja anayeulizia salio.

Mnaona sasa jambo ninalolisema. Hata pale ambapo simu haikulia, simu ndiyo iliyokuwa ikiamua ni sauti gani inayostahili kuhifadhiwa. Katika moja ya zile nilizoziazima nilipata, baada ya kuchimba ndani ya menyu, mpangilio wa kurekodi kwa ubora wa juu. Ulikuwapo siku zote, umefichwa chini ya orodha ya milio ya simu. Mwalimu anayewatuma wanafunzi nyanjani na autafute mpangilio huo kwanza, kisha awafundishe kukiweka chombo juu ya kitambaa, hatua moja kutoka kwa mwimbaji, mbali na upepo na mbali na jogoo.

Redio ya kabambe naisifu bila masharti mengi. Ile niliyoibeba hunasa vituo vyema zaidi visikizi vya waya vikichomekwa, kwa sababu waya huo ndio antena yake. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita tatu hivi, na robo ya urefu huo, sentimita 75, ni kipande cha waya kinachoning'inia kutoka sikioni hadi mfukoni. Wanafunzi wa fizikia wanaweza kuupima wenyewe. Redio hii haihitaji vifurushi vya intaneti, wala haimwambii yeyote ulichokisikiliza. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalitangazwa redioni, na katika nyumba nyingi zisizo na runinga wala kompyuta kijisimu cha vibonye ndicho kilichokuwa darasa.

Kuhusu Bluetooth, ambayo ndiyo inayotangazwa zaidi madukani, nina maneno machache. Huunganisha chombo na visikizi visivyo na waya, au na spika ya darasani, kwa umbali wa mita kumi hivi. Darasani ni baraka: niliweka spika nyuma, nami nikatembea mbele nikiwa na kabambe mkononi. Lakini simu inapopigwa, kiungo kile kile huacha kubeba muziki na kuanza kubeba mazungumzo, na ubora wake hushuka papo hapo. Siku moja wanafunzi 48 walisikia kupitia spika hiyo sauti ya fundi wangu wa mabomba akinidai. Sikuwa na pa kujificha.

Hapo ndipo naibu wa mwalimu mkuu aliponiita ofisini. Namheshimu, naye hoja yake si dhaifu. Shule nyingi za bweni nchini zinakataza simu, na sababu zake ni nzito: usingizi unaoibiwa usiku, picha zinazosambazwa, wezi, matapeli, na wasiwasi wa mitihani. Siku hizi kuna simu ndogo kuliko kidole gumba, ambazo hujifanya visikizi vya Bluetooth na kuuzwa kana kwamba ni vichezeo. Aliniuliza, "Wewe ukiruhusu kicheza muziki, nitajuaje kwamba si simu?" Nilimjibu kwamba swali lake ndilo langu, ila mimi naliuliza upande wa pili: tukikataza simu, tunajuaje kwamba hatujakataza kinasa sauti, redio na maktaba ya sauti kwa mpigo mmoja? Mtaala unatudai tufundishe stadi ya kusikiliza. Tunamfundishaje mtoto kusikiliza kwa kumwandikia ubaoni?

Katika chumba cha mtihani sina ubishi naye hata kidogo. Huko chombo chochote chenye betri kibaki nje. Wala sitetei mtoto kuja na chake kutoka nyumbani, maana aliye nacho atamdharau asiye nacho, na bweni litageuka soko. Nilichoomba ni kidogo: idara ya Kiswahili inunue kabambe sita, ambazo kwa jumla hazikufikia gharama ya simu moja kubwa ya wastani, ziandikwe namba kwa rangi, na zihifadhiwe kabatini. Tundu la laini nililiziba kwa gundi mbele yake. Nilizijaribu zote kwanza. Bila laini zilicheza muziki, zilinasa redio, zilirekodi, na kuunganika na spika kama kawaida. Aliigeuza moja mkononi mwake kwa muda mrefu, akaniuliza kama tochi bado inawaka. Nikamwambia inawaka. Akasema zisitoke kabatini bila sahihi yangu.

Nikitoa alama, basi, nitasema hivi. Kama kicheza muziki, kabambe imefaulu kwa visikizi na kuanguka kwa spika. Kama redio, imefaulu vyema. Kama kinasa sauti, imepita kwa shida, na hiyo ni baada ya mwalimu kuipekua menyu. Kama simu, ni hodari kupita kiasi, na hodari huyo ndiye anayewaharibia wenzake kazi. Mafundi wa mwaka 1979 walipata chombo kizuri kwa kuondoa kitu. Sisi tumelazimika kuondoa wenyewe, kwa gundi.

Likizo ya Desemba mwanafunzi wangu alirudi Kaloleni na kabambe namba 4. Safari hii aliitandikia leso, akachagua ubora wa juu, na nyanya akaimba wimbo wote, beti saba, jirani na kayamba yake wakiwa pale pale. Hakuna aliyepiga. Walipomaliza, nyanya alitaka kujisikia. Kijana akamtia kisikizi kimoja sikioni na kingine akakitia kwake, wakasikiliza bega kwa bega hadi mwisho. Nyanya akakitoa, akakitazama, akasema kwamba sauti ni yake, lakini kayamba bado inasikika kama mahindi yanayokaangwa, na kwamba ubeti wa tano ameukosea. Akamwambia mjukuu wake abonyeze tena.